Hadithi iliyokwama, nikaikwamulia Mabira

Mhusika wangu, mlinzi wa usiku, alikataa kuondoka kijijini. Nilihitaji aondoke, sababu sikuwa nayo, na kukodolea karatasi macho hapa Jinja, Uganda, hakukunipa kitu.

Nikapanda teksi hadi Najjembe, kwenye barabara kuu ya Kampala, nikaingia Msitu wa Mabira pamoja na mwongozaji. Nilibeba swali moja tu: kitu gani kinaweza kumfukuza mtu kwake bila kumpiga? Ukienda kutafuta “msukumo” kwa jumla utarudi na picha za vipepeo.

Hondohondo walipita juu, mbawa zikivuma kwa kishindo. Wazuri, lakini hawakujibu swali. Jibu lilikuwa kwenye mti uitwao mtini. Mwongozaji alieleza kwamba ndege hudondosha mbegu ya mtini juu ya tawi la mti mwingine. Mche huotea hukohuko, mizizi huteremka taratibu hadi ardhini, hunenepa na kulizingira shina. Miaka hupita, mti mwenyeji hufa umesimama, ukaoza, na mtini ukabaki na uwazi katikati.

Basi nikampa mlinzi shemeji: mgeni mpole, anayeshukuru kila kitu, na anayehamisha kiti kimoja kila wiki.

Sikuandika pale (siafu hawamsubiri mwandishi). Nilijirekodi kwenye simu kwa sentensi fupi, kisha usiku uleule nikaandika tukio la shemeji kuomba ufunguo wa pili. Sura iliyofuata, mlinzi alifungasha mwenyewe.