Siku moja maishani mwangu: nafundisha mikono kupiga besiboli

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia. Kabla sijashuka kitandani nakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia mpaka vilegee, maana huamka vimekakamaa. Ni mwezi wa pili, niko Marietta, jimbo la Georgia, na msimu wa besiboli wa shule za sekondari unaanza. Huu ndio wakati wa kazi nyingi kuliko wote katika mwaka wetu. Mimi ni kocha wa upigaji katika ukumbi wa mazoezi ya ndani: nafundisha watu kuupiga mpira unaorushwa na mwenzao kwa gongo, ile fimbo nene ya besiboli. Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala, na sasa limegawanywa kwa nyavu ndefu kutoka darini hadi sakafuni ili mtu apige mpira kwa nguvu zake zote bila kumuumiza wa pembeni.

Wakenya tuko wengi hapa Marietta, na wengi wao ni wauguzi, madereva wa malori na watu wa ofisini. Nikikutana nao kanisani au kwenye harusi wakauliza nafanya kazi gani, nikishajibu hufuata kimya kidogo, halafu: “Yaani unalipwa kucheza na watoto?” Naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya mdogo wangu aliyeko Mombasa ambaye swali lake ni lilo hilo.

Saa kumi na mbili nampigia mama. Kwao ni saa nane mchana, ameshakula. Namwamkia, ananiitikia marahaba, halafu anauliza bega linaendeleaje kabla hajauliza kitu kingine chochote. Yeye ndiye mtu wa pekee nyumbani aliyeelewa mapema kwamba kazi hii inakula mwili. Saa moja na nusu niko kazini, nawasha taa, nakusanya mipira iliyobaki pembeni, nakagua mashine za kurushia mipira na nyavu kama zimetoboka.

Saa tatu wanaingia watoto wanaosomeshwa nyumbani na wazazi wao. Ni wanane, na wengi hawajawahi kushika gongo. Somo la kwanza huwa ni la mikono tu, na hakuna anayerushiwa mpira mpaka mikono ikae sawa. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto unakaa chini, karibu na kile kitufe cha mwisho wa gongo, na wa kulia unakaa juu yake, imegusana. Gongo linalala kwenye vidole, halizami kiganjani. Likizama kiganjani vifundo vya mikono vinafungwa, na gongo linakuwa zito kuliko lilivyo. Nawaambia wapange vile vifundo vya vidole vya kubishia mlango, vya mkono wa juu na wa chini, vikaribie mstari mmoja. Halafu nawaambia walegeze. Mtoto akishaambiwa apige mpira hukaba gongo mpaka vidole vinakuwa vyeupe, na misuli iliyokazwa mapema haina kasi.

Mtoto mmoja aliniuliza kama mpira ukimgonga vidole inahesabiwa kuwa mpira umegonga gongo, maana kaka yake kamwambia mkono ni sehemu ya gongo. Hili nalisikia kila mwaka, hata kwa watu wazima. Mkono si sehemu ya gongo. Mpira ukigusa mkono mchezo unasimama hapo hapo, na kama mpigaji alikuwa ameshalizungusha gongo, anahesabiwa amekosa.

Saa sita nakula wali na maharage niliyobeba kutoka nyumbani, nimesimama.

Saa saba alikuja kijana wa chuo ninayemhurumia sana. Mwaka jana alivunjika kimfupa kidogo cha kiganjani, upande wa kidole cha mwisho, chenye umbo la ndoano. Ni jeraha linalojulikana sana kwa wapigaji. Kitufe cha gongo hukaa juu yake hasa, na kila pigo linakigonga mpaka siku moja kinakatika. Kwa kawaida madaktari hukiondoa kile kipande, na mchezaji hurudi uwanjani baada ya wiki kadhaa. Yeye mfupa umepona ila woga haujapona. Anapopiga, mkono wa chini unaachia mapema, na gongo linafika kwenye mpira likiongozwa na mkono mmoja. Leo tulifanya kazi ya gongo fupi, mkono wa chini peke yake, mipira ninayomrushia polepole kutoka pembeni nikiwa nimepiga goti. Nusu saa nzima hatukuongea mambo mengi. Kiganja chake kilikuwa kinatetemeka mwanzoni, na mwishoni kilikuwa kimetulia.

Saa tisa wanafunzi wanatoka shuleni, na kuanzia hapo milango haikai. Dakika thelathini kila mtu, mmoja baada ya mwingine, na mimi narusha, narusha, narusha kutoka nyuma ya kiwambo.

Saa kumi na moja jioni akaja baba mmoja na mwanawe wa miaka kumi na miwili.

Mtoto ni mzuri. Ana miguu mizuri, ana macho, ana adabu. Tatizo lake ni moja: anapokaribia mpira, mkono wa juu unaupindukia wa chini mapema, gongo linafunika, na mpira unatambaa chini kuelekea upande wa kushoto. Kila mara. Nilikuwa nimeshaona hilo wiki iliyopita na nilikuwa na mpango. Sikujua kwamba baba naye alikuwa na mpango wake, alioutoa kwenye video.

“Kocha,” akasema, simu ameishika juu anarekodi, “mwambie azungushe vifundo vya mikono. Nguvu ziko kwenye vifundo. Vrap! Hivyo.”

Nikamwambia kwa upole kwamba kuzungusha ndiko kunakomharibia. Akasema anachoona yeye ni kwamba mtoto hazungushi vya kutosha. Nikamrushia mtoto mpira, ukatambaa. “Unaona? Hana nguvu!” Nikarusha wa pili, ukatambaa. Baba akainua wavu akaingia ndani, mimi mpira nimeshauinua wa kurusha. Nikasimamisha kila kitu. Ndani ya wavu hakuna anayeingia bila kuniambia, awe ni nani. Akaomba radhi, akarudi nje, na sekunde chache baadaye sauti ikaanza tena: “Vifundo! Vifundo!” Mtoto akawa anamtazama baba badala ya kuutazama mpira.

Kwenye ligi ya watoto wa umri ule mrushaji yuko mita 14 tu kutoka kwa mpigaji. Kwa watu wazima ni mita 18.44, na mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Gongo lenyewe, likishaanza kwenda, linatumia kama sekunde 0.15. Mtu hana muda wa kutazama jukwaani. Nikaacha kurusha. Nikauweka mpira juu ya kijiguzo, nikamwita baba aingie, safari hii kwa ruhusa yangu.

Nilimpa gongo mkononi. Nikamwambia alisimamishe pale linapokutana na mpira: mkono wa juu kiganja kikitazama dari, wa chini kiganja kikitazama sakafu. Nikaweka kiganja changu kwenye ncha ya gongo nikalisukuma kumrudishia. Halikusogea, maana nyuma ya viganja vile kuna vigasha, mabega, na mwili mzima. “Sasa zungusha vifundo kama unavyomwambia.” Akapindua mkono wa juu. Nikasukuma kwa vidole vitatu, gongo likarudi. Nikarudia, likarudi tena. Hilo ni jaribio la zamani la makocha, na huwa nalipenda kwa sababu mtu analihisi mwenyewe mkononi.

Nikamweleza mtoto, baba akisikia, jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe. Mikono haizalishi nguvu ya pigo. Nguvu inaanza kwenye nyayo zinaposukuma ardhi, inapanda kwenye nyonga zinapofunguka, kiwiliwili kinafuata, mabega yanafuata, na mikono inafika mwisho kabisa. Aliyewahi kulima kwa jembe anajua: mikono inashika mpini, lakini kinacholiingiza jembe ardhini ni mgongo na miguu, na anayelima kwa mikono tupu hafiki saa tatu asubuhi. Kazi ya mikono ni tatu. Kwanza ibaki nyuma, usawa wa bega, wakati mguu wa mbele unakanyaga. Pili ipite karibu na kifua bila kutupwa mbali na mwili, maana ikitupwa mbali gongo linachukua njia ndefu na kuchelewa. Tatu ilifikishe gongo kwenye mpira viganja vikiwa kimoja juu kimoja chini. Kupinduka kunakuja kwenyewe mpira ukishaondoka. Huo ndio mpindo aliouona kwenye video. Ni wa kweli, lakini unatokea baadaye.

Baba akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha kidole ukutani. Tuna picha kubwa ya Hank Aaron pale, mpigaji maarufu wa zamani. “Na yule? Watu wote wanasema siri yake ilikuwa vifundo.”

Hapo sikukasirika, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Aaron ni mtu wa heshima kubwa kwangu. Mtoto wa Mobile, Alabama, mweusi aliyejifunza kupiga akiwa amepishanisha mikono, wa kushoto juu ya wa kulia, kinyume cha kila kitabu, mpaka alipokuja kurekebishwa. Tarehe 8 Aprili 1974, hapa jirani Atlanta, aliivuka rekodi ya Babe Ruth, mchezaji maarufu wa kabla yake, ya homurani 714, zile za kuupeleka mpira nje ya uwanja, na akamaliza na 755 huku akipokea barua za vitisho kwa sababu ya rangi yake. Vifundo vyake vilikuwa na nguvu na wepesi wa ajabu, ni kweli. Lakini wepesi ule ulimpa ruhusa ya kusubiri. Aliweza kuutazama mpira kwa muda mrefu kuliko wengine kabla hajaamua, kwa sababu alijua mikono itafika. Baba alitaka mwanawe awahishe kile ambacho Aaron alikichelewesha.

Mtoto naye akapata ujasiri, akauliza kama ni kweli kuna mtu aliwahi kupiga homurani bila kushika gongo. Ni kweli, karibu hivyo. Mwaka 2012 Todd Frazier wa timu ya Cincinnati Reds alipiga mpira huku gongo likimponyoka, na mpira ukatoka uwanjani. Alan Nathan, profesa mstaafu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois, amelieleza jambo hilo vizuri. Mpira na gongo vinagusana kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo, na mshtuko hauna muda wa kusafiri hadi mikononi na kurudi. Wakati wa kugusana, kukaba hakuongezi chochote. Kila kitu ambacho mikono ilipaswa kufanya imeshakifanya kabla.

Mtoto alicheka kwa furaha. Akapiga mpira wa kwenye kijiguzo, ukaenda moja kwa moja ukagonga wavu wa mwisho katikati. Akapiga mwingine, ukatambaa. Akapiga wa tatu, wa nne, mmoja mzuri, mmoja mbaya, na ndivyo mtu anavyojifunza. Baba akatazama saa akasema nusu ya muda wake imeishia kwenye maneno. Nilikuwa nimemwongezea dakika kumi na tano bila kumtoza, na mteja wa baada yake alikuwa amesimama na begi lake mlangoni, amenuna, na ana haki ya kununa. Nilimeza. Ilinichoma, kwa sababu yale maneno ndiyo kazi yenyewe. Kurusha mpira mashine inaweza.

Baada ya hapo sijui saa zilikwendaje. Msichana wa sofboli, mchezo unaofanana na besiboli, mwenye malengelenge, nikamfunga plasta, tukapiga polepole. Ndugu wawili waliogombania gongo. Mzee wa ligi ya wazee aliyetaka mipira ya kasi na hakutaka ushauri, nikamwachia mashine. Bega likaanza kuvuta, nikawa narushia kutoka chini. Ngozi ya kidole cha shahada ilipasuka pale mshono wa mpira unapopita, kama inavyopasuka kila msimu, nikaifunga nikaendelea. Hakuna mteja aliyeona, na sikutaka waone, kwa sababu mtoto wa saa mbili usiku anastahili mkono uleule uliomrushia wa saa tatu asubuhi.

Nilipozima mashine niliokota mipira kwa ndoo, ukumbi mzima, nikafagia, nikaloweka mkono kwenye maji ya barafu ya jikoni huku nikipanga ratiba kwa mkono wa kushoto. Ujumbe wa yule baba ukaingia. Anauliza kama saa kumi na moja ya wiki ijayo iko wazi, na anasema mtoto amekula chakula cha usiku akiwa ameshika kijiko, kiganja kinatazama juu, anamwonyesha mama yake. Nikamwandika. Wavu wa mwisho kabisa, dakika arobaini na tano badala ya thelathini, alipie zote. Na pembeni nikaongeza, kwa kocha mwenzangu anayefungua asubuhi: mzazi akae nyuma ya kioo.