Kutoka Efeso Hadi Kolosai kwa Treni na Dolmuş

Efeso ilikuwa imejaa wageni wa meli za kitalii, kwa hiyo nilitafuta ngazi moja kwenye ule uwanja wa michezo unaokadiriwa kuingiza watu 25,000, nikakaa na kufungua Matendo 19. Ghasia aliyoizua Demetrio mfua fedha ilimiminikia humu, na kwa muda wa saa mbili umati ukapiga kelele kwamba Artemi wa Waefeso ni mkuu. Hekalu la Artemi mwenyewe limebakiwa na nguzo moja ya kuungaunga, imesimama kwenye bonde lenye maji, na juu yake korongo wamejenga kiota.

Ila sikwenda Uturuki kwa ajili ya Efeso. Luka anasema Paulo alifundisha katika darasa la Tirano miaka miwili, hata wote waliokaa Asia, yaani jimbo la Kirumi la magharibi mwa Uturuki ya leo, wakalisikia neno la Bwana. Wote walisikiaje, na mwalimu yuko mji mmoja? Jibu liko bara, mwendo wa kama saa tatu kwa treni.

Tulipandia Selçuk, mimi na shemeji yangu anayesoma Izmir. Reli inafuata bonde la mto Menderes: mitini, mizeituni, mashamba ya pamba. Tulipita Ortaklar, jirani na magofu ya Magnesia, kisha Aydın, ambayo zamani ilikuwa Trale. Mwanzoni mwa karne ya pili Ignasio, askofu wa Antiokia, akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa, aliyaandikia makanisa ya miji hii miwili, na la Efeso pia. Kwa Waefeso anamsifu askofu wao, jina lake Onesimo. Wapo wanaosema ndiye yule yule mtumwa ambaye Paulo alimwombea kwa bwana wake katika barua kwa Filemoni. Miaka inaruhusu, lakini Onesimo lilikuwa jina la watumwa wengi. Natamani iwe kweli, na kwa sababu hiyo hiyo najizuia kuamini haraka.

Denizli ni mji wa viwanda vya nguo. Kila duka la pili linauza taulo. Laodikia iko nje kidogo ya mji, nayo pia ilitajirika kwa sufu, hasa sufu nyeusi. Dolmuş, daladala zao, ilitushusha barabarani tukamalizia kwa miguu. Nilitegemea kilima chenye mawe mawili matatu. Nikakuta barabara pana zilizotandikwa mawe, nguzo zilizosimamishwa upya, viwanja viwili vya michezo, na kanisa la karne ya nne lililogunduliwa mwaka 2010, sasa limefunikwa kwa paa na unalipita kwenye sakafu ya kioo. Tetemeko la mwaka 60 liliuangusha mji huu, na Tasito, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba uliinuka tena kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Roma. Ukishajua hilo, maneno ya Ufunuo 3, "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu," yanasikika kama kauli ya baraza la mji.

Kilichonishika zaidi ni mabomba. Upande wa kusini kuna mabaki ya mnara wa kugawia maji, na mabomba ya udongo ambayo chokaa imejijenga ndani yake hadi tundu likabaki dogo. Maji yalikuwa shida kubwa kiasi kwamba mwaka 114 gavana alitoa sheria ya maji, ikachongwa kwenye jiwe: anayechafua au kuiba maji ya mji analipa faini kuanzia dinari 5,000.

Mwongoza watalii mmoja karibu yetu alikuwa akiwaeleza watu wake kwamba maji yalitoka moto Hierapoli, yakafika hapa vuguvugu, ndiyo maana Ufunuo 3 unaliambia kanisa la Laodikia kwamba si baridi wala moto, na kwa kuwa ni vuguvugu litatapikwa. Hadithi tamu, lakini mabomba hayakubaliani naye. Yanatoka kusini, upande wa Denizli, na Hierapoli iko kaskazini, ng'ambo ya bonde, unaiona kwa macho kama chokaa iliyomwagwa mlimani.

"Sasa ule uvuguvugu umetoka wapi, shemeji?" akaniuliza.

Nikamwambia tuvuke kwanza.

Pamukkale unavua viatu. Unapanda kwenye ngazi nyeupe za mawe huku maji ya nyuzi 35 hivi yakikupita vifundoni, na juu ndiko Hierapoli yenyewe. Watu wa kale walikuja hapa kutibiwa, na wengi wao walizikwa hapa hapa, maana makaburi yamejipanga barabarani hadi unachoka kuyatazama. Juu zaidi, baada ya ngazi ndefu, kuna jengo la pembe nane la karne ya tano lililojengwa kwa heshima ya Filipo, na mwaka 2011 wachimbaji wa Kiitalia wakiongozwa na Francesco D'Andria walitangaza kuwa wamepata kaburi lake karibu nalo. Ni Filipo yupi, wa wale Thenashara au yule mwinjilisti mwenye mabinti wanne waliotabiri, hata wazee wa karne ya pili walikwisha kuwachanganya.

Kesho yake tulikwenda Kolosai, karibu na Honaz. Hakuna tiketi wala kibanda cha soda. Ni kilima cha majani, vigae vya udongo vikitokeza kwenye vijia vya mbuzi, na nyuma yake mlima wa zaidi ya mita 2,500, bado una theluji. Vijito vinashuka kutoka huko. Shemeji alichota kwa mikono akanywa, akaguna.

Hapo ndipo nilipomjibu. Kwetu tumehubiriwa miaka yote kwamba moto ni mtu aliyeokoka na baridi ni mpagani, na kila mara nilijiuliza ni vipi Bwana atamani mtu awe mpagani. Mtu wa bonde hili asingeelewa hivyo. Maji ya moto yanaponya, ya baridi yanakata kiu, yote mawili yana kazi. Kinachotapikwa ni kile kisichofaa huku wala huku.

Na jibu la lile swali langu la Efeso, wote walisikiaje, ni Epafra, mtu wa Kolosai aliyewafundisha watu wake neno. Paulo anawaandikia Wakolosai kama watu wasiowahi kumwona uso, kisha anamshuhudia Epafra kwamba ana juhudi nyingi kwa ajili yao, "na kwa ajili ya hao walioko Laodikia, na wale walioko Hierapoli." Miji mitatu, mtu mmoja wa hapa hapa, na njia ambayo sisi tuliimaliza kwa nauli ndogo. Kanisa la Laodikia lilikutana nyumbani kwa Nimfa. Tikiko na Onesimo ndio waliobeba barua. Mahubiri mangapi tumesikia juu ya Epafra? Jina lake tunalisoma haraka tu, tufike kwenye salamu za Luka.

Shemeji alisoma barua kwa Filemoni kwa sauti, sura yenyewe ni moja. Mwishoni Paulo anaomba aandaliwe mahali pa kulala, anatumaini kuja. Maandiko hayasemi kama alikuja. Mimi nadhani hakufika: kama aliandika akiwa kifungoni Roma, kama wengi wanavyoshika, basi tetemeko lilipiga bonde karibu na siku hizo hizo, na Eusebio, mwanahistoria wa kanisa la kale, anaitaja Kolosai miongoni mwa miji iliyoanguka. Shemeji anabisha, anasema Paulo hakuwa mtu wa kuacha kitanda kilichoandaliwa. Tulibishana hadi Denizli.