Moshi mweusi wa kupanda Kadutu

Gari langu la mwaka 1982, la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), lilikuwa likitoa moshi mweusi na kukohoa kila nikipanda Kadutu, mtaa wa mlimani hapa Bukavu. Fundi mmoja alitaka tufungue injini nzima. Nikakataa, miaka yangu ya kutunza mitambo ya pampu imenifundisha kupima kwanza. Plagi zote nne zilikuwa na masizi makavu: petroli nyingi, hewa kidogo. Bukavu iko karibu mita 1,500, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani. Boya la kabureta, linalopima petroli inayoingia, nalo lilikuwa limekaa juu mno. Nikalishusha milimita 2, nikaweka jeti (kipande cha kupitishia petroli) yenye tundu dogo zaidi, nikasafisha plagi. Sasa linapanda kwa gia ya tatu, na mngurumo wake, jamani, mtamu!