Asubuhi mizani ya Mama iliponyamaza

Kwa miaka miwili na nusu siku yangu ilianza na namba. Saa kumi na mbili na nusu, kabla sijapiga mswaki, simu ilitetemeka mara moja na kuniletea uzito wa Mama: 61.8, 62.0, 61.7. Tunaishi miji tofauti na saa hizo huwa simpigii. Namba ilitosha kunijulisha kwamba ameamka, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na maji hayajaanza kumjaa mwilini.

Moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Mgonjwa wa namna hiyo hukusanya maji taratibu, na uzito huweza kupanda siku kadhaa kabla miguu haijavimba wala pumzi haijaanza kukata. Daktari wake alituambia kwa maneno mepesi: akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, msisubiri, nipigieni. Ndiyo sababu nilimnunulia mizani ile ya kioo, nyembamba, isiyo na kitufe wala tarakimu juu yake. Anapanda, anahesabu mpaka kumi, anashuka. Mengine yote inajifanyia yenyewe.

Jumanne moja namba haikuja. Saa moja akanipigia.

"Mwanangu, mizani imenyamaza."

"Labda betri, Mama."

"Betri nimebadilisha jana. Taa ya kijani inawaka, halafu kimya. Na kwenye simu naambiwa nijaribu tena baadaye."

Nikamwelekeza azime waifai na kuiwasha tena. Nikamwambia aifute programu aiweke upya, akaifuta, na akaunti ikakataa kufunguka. Siku mbili tukahangaika hivyo. Siku ya tatu ndipo nilipoikuta barua pepe iliyozama katikati ya matangazo: kampuni imesitisha huduma, seva (kompyuta zake za mbali zilizokuwa zikipokea namba) zimezimwa, tunawashukuru kwa kuwa pamoja nasi. Siku hiyohiyo Mama alikwenda kupimwa hospitali na kukutwa amepanda kilo moja na nusu. Daktari akaongeza dawa ya kutoa maji, na mambo yakatulia. Lakini siku tatu nzima alikuwa akipanda uzito, na kifaa kilichonunuliwa kwa ajili hiyo tu kilikuwa chini ya miguu yake, kizima, hakina hitilafu yoyote.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Nilianza na redio za betri na televisheni za kioo kinene, na benchi langu nimelikalia miaka 19. Nimeona kwa macho yangu jinsi rafu ya vifaa ilivyokonda. Zamani wateja waliniletea redio, kinasa sauti, kamera, saa ya mezani, kikokotoo, kila kimoja na ubovu wake. Leo wananiletea simu, na ndani yake vimo vyote hivyo. Wakati huohuo wananiletea mashine ya kufulia, na tatizo si mota wala mkanda, tatizo ni kompyuta ndogo iliyo nyuma ya vitufe. Chipu za kompyuta za ukoo wa 8051, ambazo Intel ilizitoa mwaka 1980, bado nakutana na wajukuu zake ndani ya vitu ambavyo wenyewe hawajui kwamba vina kompyuta. Vitu vyote vimeingia ndani ya kimoja, na kimoja kimeingia ndani ya vitu vyote.

Chanzo cha yote mawili ni kilekile. Mwaka 1948 mwanahisabati Claude Shannon wa maabara ya Bell Labs, Marekani, alionyesha kwamba ujumbe wowote, uwe wa namna gani, unaweza kupimwa kwa biti, yaani sifuri na moja. Sauti ya simu ya kawaida ya dijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla biti 64,000. Muziki wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Uzito wa Mama hupimwa mara moja alfajiri. Vikishakuwa biti, waya hautofautishi wimbo na mgonjwa. Ndiyo maana redio moja ndogo ndani ya mizani inatumia waifai ileile inayobeba filamu na mikutano ya kazini. Mimi nalipenda jambo hili kwa dhati. Bila huo muungano nisingepata namba ya Mama nikiwa mbali naye.

Aliyeiona njia hii mapema alikuwa mwanasayansi wa kompyuta Mark Weiser. Mwaka 1988, katika maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, California, yeye na wenzake walianza kufanyia kazi wazo la kompyuta zilizoenea kila mahali, na mwaka 1991 akaliandikia makala katika jarida la Scientific American. Alitoa mfano wa mota: kiwanda cha zamani kilikuwa na injini moja kubwa iliyozungusha mashine zote kwa mikanda na mhimili, kisha zikaja mota ndogo za umeme, kila mashine na yake, na watu wakaacha kuziwaza. Kompyuta nazo, alisema, zitafuata njia hiyo. Walitengeneza za kushika kiganjani, za ukubwa wa karatasi, na za ukubwa wa ubao, na waliwazia chumba kimoja chenye mamia ya vidude hivyo. Weiser alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 46, kabla simu janja hazijatapakaa.

Mfano wake mwingine ni wa miwani, nao ndio unaonikaa zaidi kichwani. Chombo kizuri, kwa maoni yake, hakionekani kinapotumika: ukivaa miwani unatazama dunia, hutazami miwani. Sawa kabisa. Miaka miwili na nusu Mama hakuitazama mizani, aliutazama moyo wake.

Ila miwani ukiivua unaishika mkononi. Mguu wake ukilegea unauona na skrubu yake unaiona, na hata asiye fundi atafunga uzi mpaka apate mtu wa kumtengenezea. Miwani haipotei kwa mwenye nayo. Mizani ya Mama ilikuwa imepotea kwa namna nyingine kabisa, na hiyo sidhani kama ndiyo Weiser aliyoitamani. Hapo PARC msanii Natalie Jeremijenko alitundika uzi wa plastiki kwenye dari, wa futi 8, ukaunganishwa na mota ndogo iliyofungwa kwenye waya wa mtandao. Data zikipita chache, uzi hutikisika kidogo; zikipita nyingi, huzunguka na kuvuma. Wapita njia walijua hali ya mtandao wao bila kufungua skrini yoyote. Nikisoma habari za uzi ule naona watu waliotaka kompyuta itulie, na bado mwenye chumba aendelee kuihisi.

Baada ya wiki moja niliipata mizani mikononi. Nikaiweka kifudifudi juu ya taulo, nikapasha gundi ya pembeni kwa hewa ya moto, nikapitisha kadi ya plastiki polepole mpaka kifuniko kikaachia.

Ndani kulikuwa na nafasi tupu kuliko nilivyotarajia. Kila pembe ina kipande cha chuma cha pua, na juu ya ulimi wake kimegandishwa kijikaratasi chembamba chenye waya mwembamba uliojipinda kwenda na kurudi. Mtu akisimama, chuma kinapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Waya unavutika, ukinzani wake unabadilika kidogo sana. Vipande vinne, kila kimoja kina nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, na vyote vimeunganishwa kuwa daraja moja la umeme. Nikaweka mita: milivolti chache. Nikabonyeza pembe kwa kidole gumba, tarakimu ikasogea. Nikaachia, ikarudi palepale. Sehemu inayohisi mwili wa mtu ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Katikati palikuwa na bodi ndogo yenye chipu moja ya waifai. Nilijaribu siku nzima kuisoma. Programu yake imefungwa, haisomeki wala haibadiliki. Nilipoiunganisha na mtandao wangu nikaona inachofanya: inaamka, inaulizia anwani ya seva, haijibiwi, inauliza tena, inalala. Wala haikuwahi kujaribu kuongea na simu ya Mama iliyokuwa hatua mbili kutoka hapo. Kumbe miaka yote ile namba ilitoka kwenye nyayo zake, ikasafiri hadi jengo nisilolijua, ndipo ikarudi chumbani kwake kumwambia uzito wake mwenyewe.

Nilikaa na bisibisi mkononi nikiwa na hasira, nakiri. Mtu aliyechora saketi hii ni fundi hodari, kazi yake ni safi. Kuweka tarakimu tatu juu ya kioo kusingemshinda. Kuna mtu aliamua mwenye mizani asiione namba mpaka apitie kwao, na uamuzi ule ndio ulioharibika, chuma hakijaharibika.

Kutojua kwamba kifaa ni kompyuta kuna madhara hata kwa asiye mgonjwa. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilienea kwenye kamera za ulinzi na vinasa video vya majumbani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila zaidi ya 60 za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vilitumiwa kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera hawakuona chochote. Kwao ilikuwa kamera tu, inaangalia geti.

Nikaing'oa bodi. Mahali pake nikaweka chipu ya HX711, ambayo kazi yake ni kukuza zile milivolti na kuzigeuza kuwa namba ya biti 24, yaani zaidi ya ngazi milioni 16 kwa jumla. Nyuma yake kidhibiti kidogo, chipu inayosoma namba hiyo na kuipeleka mbele, na waya mwembamba unaopanda ukutani hadi kwenye skrini niliyoifunga usawa wa macho, kwa sababu Mama akiinama kusoma miguuni anapata kizunguzungu. Nilichukua jioni mbili kulehemu. Nyaya za zile pembe ni nyembamba kama nywele na mbili zilikatika mikononi mwangu. Kisha nikaipima kwa madumu ya maji, lita 10, 20, 40, 60, maana lita ya maji ni kilo moja na hilo halihitaji akaunti.

Namba bado inanifikia. Kidhibiti kinaipeleka kwenye kompyuta ndogo iliyo palepale nyumbani kwake, nayo inanitumia mimi. Mtandao ukikatika namba inabaki ukutani na kwenye kumbukumbu, na ukirudi zinanijia zote kwa pamoja. Nimemwandikia karatasi moja, nikaibandika nyuma ya skrini: nyaya zipi zinakwenda wapi, chipu zinaitwaje, afanye nini fundi mwingine akija nami sipo.

Siku nilipomrudishia alipanda, akahesabu mpaka kumi kwa mazoea, ingawa namba ilishatokea alipofika nne. Akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo sasa naiona mimi kwanza," akasema, "wewe baadaye."

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Maana ni mwili wangu."

Kuna jambo sijalimaliza. Joto la chumba likipanda mchana, sifuri inasogea, wakati mwingine gramu 150. Nimeweka programu ijirudishe sifuri kila kabla hajapanda, na Jumamosi nitakwenda na madumu yangu kuipima tena. Leo asubuhi imeandika 62.1. Jana ilikuwa 62.0.