Safu ya upana wa mshororo

Jarida letu la muziki la wanafunzi limeanza kupata sura yake. Tangu alasiri niko kwenye kompyuta na Scribus, programu ya kupanga kurasa, nahamisha visanduku vya maandishi huku na huku, na kwa mara ya kwanza naona ukurasa ambao sioni haya kuuonyesha hapa Lamu.

Rasimu ya mwanzo ilifuata magazeti ya burudani: A4, safu tatu, maandishi yamenyooshwa kingo zote mbili. Kiswahili hakitulii humo. Maneno kama "waliomsindikiza" hayaenei kwenye safu nyembamba, basi programu hutanua nafasi kati ya maneno, na weupe unashuka katikati ya aya kama nyufa ukutani. Tuliacha ukingo wa kulia bila kuunyoosha, weupe huo ukapungua.

Nyimbo ndizo zilizotushinda. Mashairi mengi tuliyoletewa yana mishororo ya mizani 16, yaani silabi 16, vipande viwili vya nane nane, kina katikati na kina mwishoni. Safu nyembamba huukata mshororo popote, kina cha kati kikapotelea mstari wa chini. Nilimpelekea karatasi mzee mmoja mpiga udi wa Langoni. Nilimwamkia, akaipokea, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale.

"Mwanangu, hapa mmemkata mwimbaji pumzi."

Usiku ule nilichukua rula nikapima mshororo mrefu kuliko yote kwa herufi za pointi 10. Ulienea ndani ya milimita 90, pamoja na nafasi ya kutenganisha vipande. Nikaamua upana huo ndio uwe safu yetu, moja tu, kwenye ukurasa wa A5. Ukurasa una milimita 148. Ndani nimeacha 18 za mkunjo, nje zimebaki 40. Pambizo hiyo pana imekuwa makazi ya maelezo ya picha na majina ya ala, kwa hiyo makala juu ya Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyezaliwa hapa Lamu, yanasomeka bila kukatizwa na visanduku.

Picha nazo zina masharti yao. Ya kujaza upana wa A5 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 1,750 hivi, na zinazopitia WhatsApp hufika zimepunguzwa. Nimewaomba wenzangu wanipe faili za asili. Rangi ya kijivu nyuma ya maandishi nimeifuta kote. Ikitolewa fotokopi inakuwa vumbi.

Bado tunabishana kuhusu kurasa. Jarida la kukunjwa na kupigwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, nasi tuna za kujaza 18. Wengine wanataka tushuke hadi 16, na wanaotajwa kuachwa ni kina mama wa vugo. Mimi sikubali. Harusi ngapi za mji huu zimechangamshwa na pembe zile za nyati zikigongwa kwa vijiti? Nataka tupande hadi 20, vugo ikae kurasa mbili za katikati, ambako karatasi ni moja na picha inavuka mkunjo bila kupishana. Hizo mbili za ziada naziombea mashairi ya wanafunzi, kila mshororo kwenye mstari wake. Nimeshauchora mpangilio huo kwa penseli, na kwenye kikao cha Jumamosi nitauweka mezani kabla hawajaanza kuhesabu gharama.