Shangazi na Platinamu

Binti yangu yuko kidato cha tano. Juzi kaja na jedwali la elementi, kidole kwenye namba 78: "Mama, hii platinamu ina kazi gani zaidi ya pete?" Nikamkumbuka shangazi.

Nilikuwa nasoma kemia chuoni, nimekuja Tanga likizo. Nikamkuta barazani kwake Ngamiani, karudi kutoka Dar kwenye dripu za saratani, kakonda, lakini anasuka ukili. Kutapika kumepungua, akasema, ila masikio yanavuma usiku kucha.

"Nasikia nimetiwa madini. Wewe si ndiye msomi? Hebu niambie."

Nikamwambia ni sisplatini, dawa ya saratani: atomu moja ya platinamu, kloridi mbili, amonia mbili. Ikiingia ndani ya seli, kloridi hubanduka, na platinamu hudaka gwanini, mojawapo ya besi nne, yaani herufi, za DNA, uzi wa urithi ndani ya seli, kwenye nitrojeni namba saba. Mara nyingi hudaka gwanini mbili zilizo jirani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walikuza fuwele ya kipande cha DNA kilichodakwa hivyo, wakaipiga eksirei, wakaona platinamu ilivyokaa. Kipande kizima kimepinda.

"Kimepindaje?"

Sikuwa na karatasi. Yeye akachomoa uzi wa ukindu, akazipitishia chane mbili zilizofuatana katika ukili wake, akafunga fundo, akavuta. Ukili ukajikunja upande. Akajaribu kuendelea kusuka. Vidole vyake, rangi ya zambarau imekolea hadi kwenye kucha, vikafika kwenye fundo vikakwama. Akavuta tena, taratibu, akiangalia mkunjo.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, shangazi."

"Basi hapa hapasukiki tena."

Ndiyo, seli ikishindwa kunakili DNA yake hufa. Mhadhara mzima kaumaliza kwa fundo moja. Kisha akaniuliza: "Na inajuaje ukili wa ugonjwa na ukili wangu mimi?"

Haijui, nikasema. Gwanini ni gwanini. Zinazoumia zaidi ni seli zinazogawanyika haraka, na figo na masikio navyo huonja. Akalikata fundo kwa meno, hakunijibu.

Saratani ilitulia, namshukuru Mungu. Masikio hayakurudi. Miaka iliyofuata, kila mgeni akija, shangazi alinitambulisha kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Huyu ndiye anayeijua iliyoniziba masikio!" Kama ilikuwa sifa au lawama, mpaka leo sijui. Kumuuliza ingebidi nipige kelele mbele za wageni.