Kutu ya Chini ya Kombi

Anayekaa Mombasa na gari la zamani huzoea kuitafuta kutu milangoni na pembezoni mwa vioo, kwa sababu huko ndiko inakojitangaza kwa rangi iliyofura. Kombi yangu, Volkswagen T3 ya 1984 yenye kitanda na jiko dogo nyuma, ina madoa hayo, na sina haraka nayo. Kinachonishughulisha wiki hii ni vyuma visivyoonekana mpaka gari lipandishwe kwenye stendi. Mlango uliotoboka hauui mtu, lakini breki iliyokwama inaweza kuua familia nzima ikiteremka Salgaa, ule mteremko wa barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret unaosifika kwa ajali.

Leo nimefungua gurudumu la mbele la kushoto. Pini zinazoiwezesha kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, kuteleza zilikuwa zimeota kutu kiasi cha kutosogea kwa mkono, na pedi ya ndani ilikuwa imelika karibu kufikia chuma ilhali ya nje bado ilikuwa nene. Nimezisugua kwa brashi ya waya na msasa laini, kisha nikazipaka grisi ya silikoni ya breki, kwani grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Kwa sababu hiyo hiyo siikubali desturi ya gereji nyingi ya kuosha breki kwa petroli, spiriti inatosha. Nati ya bomba la breki ilikataa kabisa kulegea. Mzee anayenisaidia alinizuia nisiongeze nguvu: "Mwanangu, hiyo ukiilazimisha itakukatikia mkononi. Itie mafuta, iache ilale." Imelala na mafuta yake, nami sitaigusa mpaka kesho.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji ya injini. Injini hii ya lita 1.9, ambayo Volkswagen waliianza mwishoni mwa 1982 kuchukua nafasi ya ile iliyopozwa kwa hewa, ina bloku na silinda hedi (vifuniko vya silinda) za alumini, wakati silinda zenyewe ni za chuma na zimezungukwa na maji moja kwa moja. Metali mbili za aina tofauti zikikutana ndani ya maji yenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na alumini ndiyo huliwa. Sasa fikiria maji ya visima vingi vya mji huu, ambayo hata chai hayafai, yakimiminwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka. Uso wa silinda hedi unaokaliwa na gasketi ya mpira huchimbika vishimo vidogo vidogo, gasketi hukosa pa kushika, na maji huanza kuchuruzika nje.

Nimesikia mara nyingi kwamba pwani haihitaji kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, kwa kuwa hakuna baridi ya kugandisha maji. Hoja hiyo inasahau kazi ya pili ya kulanti, ambayo kwetu ndiyo ya kwanza: imetiwa kemikali za kuzuia kutu, na kemikali hizo huisha nguvu hata kama rangi yake bado inapendeza. Kwa injini hii natumia kulanti isiyo na fosfeti, kama watengenezaji walivyoagiza, nikiichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa chumvi, na kila baada ya miaka 2 naimwaga yote.

Rejeta iko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo maji husafiri urefu wote wa gari kwa mabomba yanayopita chini ya sakafu, na yangu bado ni yale ya chuma. Kwenye kiungo kimoja, chini ya klempu ya hosi, nimekuta kutu iliyobanduka kwa maganda na bomba jembamba chini yake. Nimeagiza mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Yakifika nitayafunga kabla ya safari yoyote ya bara. Kwa sasa gari litatembea mjini tu, nikikagua kiwango cha maji kila asubuhi injini ikiwa bado baridi.